Kamba ya Shangazi

Kila siku ya mechi, Chiriku alimpelekea shangazi yake chakula kituoni. Jina hilo alipewa nyumbani, kwa kuwa mdomo wake haukujua mapumziko. Kituo cha treni ya mjini kilikuwa ubavuni mwa uwanja wa mpira, na shangazi ndiye aliyekuwa mshika kamba. Usicheke, kazi ile si ya mchezo. Mpira ukiisha, watu hutoka kama siafu. Shangazi huifunga kamba chini ya ngazi, hufungulia kundi moja lipande jukwaani, na treni ikijaa huifunga tena.

Siku hiyo Chiriku alikutana na wanafunzi wenzake wawili mbele ya kamba.

"Si husema kituo hiki ni cha kwenu?" mmoja akamchokoza. "Tupitishe basi!"

"Atupitishe nani?" mwenzake akadakia. "Hata paka wa hapa hamjui huyu."

Shangazi alikuwa ameifunga kamba kwenye nguzo, akaenda kumwingiza mzee mmoja wa kiti cha magurudumu kwenye lifti. Chiriku akalifungua fundo. "Piteni nyinyi wawili tu," akanong'ona.

Wawili! Nani amewahi kuwaambia siafu wapite wawili? Umati mzima ulizivamia ngazi. Mama mmoja muuza maji alisukumwa, akaanguka, kiwiko kikachubuka. Shangazi alikuja mbio akipuliza filimbi, mikono ameitanua. Watu walipotulia, wale wenzake Chiriku walikuwa ndani ya treni, wanampungia mkono dirishani.

Mkuu wa kituo akafika, uso umekunjamana. "Kamba hii kaifunga nani?"

"Mimi, mkuu."

"Na mtu ameumia! Vua kizibao cha kazi. Usije kazini mpaka nikuite."

Shangazi aliitazama mikono yake. "Labda fundo langu lilikuwa legevu," alisema polepole, akaanza kushusha zipu.

Uso wa Chiriku ulimwaka. Alitamani ardhi ipasuke immeze, lakini ardhi yenyewe ilijaa mashabiki. Ulimi uliokuwa hodari wa kujisifu ukawa mzito kama jiwe.

"Halikuwa legevu," hatimaye akasema. "Mimi ndiye niliyelifungua. Nilitaka wenzangu wanione mtu."

"Mbona ulinyamaza?" mkuu akauliza.

"Niliona aibu."

"Na sasa?"

"Naona aibu zaidi."

Mkuu akashusha pumzi. "Mama, pandisha zipu, watu wanakungoja. Na wewe binti, siku za mechi chakula utakiacha getini. Sasa nenda kamwombe radhi uliyemwangusha."

Chiriku alikwenda, kichwa chini. "Nisamehe, mama."

"Mimi nimekusamehe," muuza maji akajibu, akikipuliza kiwiko. "Hiki hapa ndicho bado kimenuna."

Kazi ilipoisha, walirudi nyumbani. Mlangoni, shangazi alimshika bega.

"Mwanangu, mchuma janga hula na wa kwao. Lako leo nusura nile peke yangu, na wewe unanitazama. Ukikosea, sema mapema, kabla hajaadhibiwa asiyehusika. Na ukitaka sifa, itafute kwa kazi yako, usiiazime kwenye kazi ya mtu."

Chiriku alitikisa kichwa kukubali, machozi yakimlenga.

"Haya, futa hizo kamasi uingie ndani," shangazi akasema. "Aibu haiui. Ukiikumbuka, itakulinda."