Wachumba Wawili, Cheo Kimoja

"Wewe! Unafanya nini hapa?"

Mratibu alisimama katikati ya korido kama aliyepigiwa filimbi. Kwenye benchi nje ya chumba cha usaili, ndani ya suti iliyombana mabegani, alikuwa amekaa mchumba wake.

"Nimeitwa kwenye usaili," alijibu, macho chini.

"Usaili wa kazi gani?"

"Uratibu wa mitaala."

"Kazi yangu?"

"Bado haijawa yako, mpenzi. Unakaimu tu."

Lo! Hapo alichokoza nyuki. Dada huyu alikuwa ameikaimu nafasi hiyo kwa muda mrefu: kupanga kipi kifundishwe muhula gani, kukagua vitabu, kukaa nyuma ya madarasa kuona walimu wanavyofundisha. Leo ndiyo ilikuwa siku ya kuthibitishwa au kurudishwa darasani. Mwenzake alikuwa mkuu wa elimu ya dini katika shule hiyohiyo. Kwa kuwa alisimamia vipindi vya dini zote, walimu walimpachika jina Ustadhi Padri, naye alilipokea kwa kicheko. Asubuhi hii hakuwa na kicheko chochote.

"Jana tumekaa tunapanga harusi, hukusema hata neno!"

"Nilishindwa. Mama yako..."

"Mama yangu kafanyaje?"

Akampa simu asome mwenyewe. Ujumbe wa mama haukuwa na salamu:

"Nafasi ya uratibu imetangazwa. Iombe wewe. Mwanangu akikuzidi cheo hamtakaa. Yeye ana ofisi na walimu chini yake, wewe na dini yako una nini? Ukikataa, sahau harusi. Na usimwambie, atakuzuia."

Mratibu alisoma mara mbili. Aliumia, tena aliumia pande zote mbili.

"Kwa hiyo ukaona bora uninyang'anye kazi?"

"Niliona bora nisikukose wewe."

"Umenikosa hivyohivyo!"

Mlango ukafunguliwa, mchumba akaitwa. Aliingia akijifuta jasho. Kitasa cha mlango ule kilikuwa kibovu siku nyingi, mlango haukufungika vizuri. Mratibu akasogea mpaka mwisho wa benchi. Ndiyo, alisikiliza. Nani asingesikiliza?

"Kazi hizi mbili umezijua kwa karibu," sauti ya mkuu wa shule ilisema. "Tuambie, zina tofauti gani?"

Mchumba wake alijibu:

"Mratibu anaibeba shule nzima kichwani. Akisogeza somo moja, mengine yote yanatikisika, na lawama zote ni zake. Mimi sina mzigo huo. Lakini mimi watoto wananifuata kwa macho hadi sokoni, waone kama ninayaishi ninayowafundisha. Mtoto akifiwa, anagonga mlango wangu."

"Na ipi ni kubwa?"

"Kubwa siijui. Najua ipi ni yangu." Alikohoa. "Wazee wangu, nimekuja hapa kwa woga, na nimemficha mtu ambaye sikupaswa kumficha. Naomba jina langu liondolewe. Lakini aliyeko nje msimpe kazi kwa sababu nimejitoa. Mbaneni maswali. Mtajionea."

Mratibu alifuta machozi haraka, maana jina lake lilikuwa limeshaitwa.

Wakambana kweli.

"Mbona kipindi cha dini umekiweka mwisho wa Ijumaa, watoto wameshashika mabegi?"

"Niliikuta ratiba hivyo, nikaiacha hivyo. Ni kosa langu," alisema, akachukua chaki. "Nimeshaipanga upya. Madarasa ya rika moja yanasoma dini kwa wakati mmoja, asubuhi, kila dini na chumba chake. Hakuna mtoto anayekaa bure, na hisabati haipotezi kipindi hata kimoja. Tazameni."

Alichora ubao mzima. Wasaili walisogeza viti mbele. Walipouliza swali gumu, alilijibu. Walipouliza la mtego, alicheka kwanza ndipo akalijibu. Alipotoka alikuwa mratibu kamili, si kaimu wa mtu.

Ustadhi Padri alimngoja pale pale kwenye benchi.

"Umepata?"

"Nimepata. Na wewe ukinificha jambo tena, hata liwe dogo, nakuacha mchana kweupe."

"Sitakuficha tena. Nisamehe."

"Nimekusamehe. Sasa kaa kimya, nampigia mama."

Simu ikaita, akaweka sauti ya juu.

"Mama, kazi nimepata mimi. Mwenzangu kajitoa."

"Eh! Mwanamume gani anaacha cheo? Utamheshimu vipi?"

"Mama, nimemsikia akikiri woga wake mbele ya wakubwa, wala hakujua ninasikia. Sijawahi kumheshimu kama leo. Harusi iko palepale. Uje, usije, tunaoana."

Mama akaguna.

"Nisije harusi ya mwanangu? Jikoni atasimamia nani, huyo Padri wenu? Hebu mpe simu."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umenishinda, baba. Ile meseji ifute."

"Naifuta, mama."

"Ifute sasa hivi, nasikiliza!"

Walioana shule zilipofungwa, ukumbi ukajaa walimu mpaka mlangoni. Mama mkwe alimshika mkwewe mkono, akampitisha meza kwa meza, kifua mbele:

"Huyu ndiye mkuu wa elimu ya dini. Na bosi wake ni mwanangu!"