Koti la Sajini

Fundi alipoingiza mkono ndani ya lile koti kwa mara ya kwanza, alikuta kwapa lake lina joto, kama la nguo iliyovuliwa sasa hivi. Akautoa mkono, akaunusa. Jasho. Akajiambia ni jua la njiani, maana dada yake alikuwa amelibeba begani tangu kituoni.

Kazi yake ilikuwa nguo kuukuu. Watu walimletea magauni ya harusi ya bibi zao na bendera zilizoliwa na nondo, naye akazishughulikia zisiendelee kuharibika. Lakini alichokipenda kuliko vyote ni sare za zamani za jeshi. Dada alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Ndiye aliyemlea tangu mama yao alipofariki, akamfundisha kushika sindano kabla hajajua kushika kalamu.

"Nimelikuta kwenye mitumba," Dada alisema, amesimama nje ya kizingiti. "Nikasema, hili ni la mdogo wangu. Usimuuzie mtu. Kaa nalo mwenyewe."

"Ingia basi, chai ipo."

"Siku nyingine. Nimemwacha mtoto peke yake."

"Anaendeleaje?"

"Leo amekula," Dada akajibu, na akaondoka haraka bila kugeuka nyuma.

Binti huyo, mtoto pekee wa Dada, alikuwa ameugua miezi mingi. Hospitali zote zilimpima zisione kitu. Alilia tu kwamba kuna kitu kizito kinambana mabega. Sasa amekula! Fundi alifurahi hata akaimba peke yake alipokuwa akilitandaza koti juu ya shuka jeupe.

Sufu nzito ya kijani, imechujuka mabegani. Vifungo vya shaba halisi, kila kimoja na mhuri wa kiwanda kwa nyuma. Kwenye mikono yote miwili palikuwa na vitundu vya sindano mahali alama za cheo zilipofumuliwa, na kwa umbo lake akajua mwenye koti alikuwa sajini. Bitana ilishonwa kwa uzi wa pamba uliogeuka rangi ya chai. Kifuani, upande wa moyo, tundu dogo la duara lilikuwa limezibwa kwa kiraka.

Hakulifua, kwa kuwa sufu ya umri ule ukiitia maji umeiua. Alilipiga brashi laini, akalifunga kwenye mfuko wa plastiki, akaliweka kwenye friza ili mayai ya nondo yafe kwa baridi.

Kesho yake friza ikaanza kugongwa kwa ndani. Kugonga kwenyewe kulikuwa kwa adabu, kama kwa mtu anayebisha hodi nyumba ya wakwe. Mota imezeeka, Fundi akasema. Kisha ikaja harufu ya tope bichi na moshi wa baruti, akasema ni bomba la maji machafu. Lakini siku alipolitoa, mfuko ulikuwa umeganda barafu kwa nje, ukimuunguza vidole kwa baridi, na koti ndani yake lilikuwa na joto.

Akalivika kwenye sanamu ya kupimia nguo, akaacha vifungo wazi ili lipate hewa, akaenda jikoni kunawa mikono. Aliporudi, jua likiwa bado linawaka dirishani na watoto wa jirani wakicheza mpira nje, alikuta vifungo vyote vimefungwa hadi shingoni, na kifua cha sanamu, ambayo haikuwa kitu ila mbao na sponji, kinapanda na kushuka taratibu, kinapanda na kushuka, na kola imelowa jasho jipya linalochuruzika hadi sakafuni, na akasikia kutoka ndani ya sufu ile mtu anavuta pumzi kama anayetaka kusema neno na analitafuta.

"Mimi sikuvunja mlango," neno likaja. "Nimepewa."

Akakimbilia uani, akampigia Dada simu. "Hili koti ulilitoa wapi?" akanong'ona.

Dada naye akanong'ona: "Usilitupe. Chochote utakachoona, usilitupe." Simu ikakatika.

Fundi akarudi ndani, akachukua lenzi yake, kwa sababu hilo ndilo jambo alilolijua: nguo huwa inasema ni nani ameigusa. Akakagua mshono baada ya mshono, akihema. Yote ilikuwa ya zamani, isipokuwa mmoja chini ya kola. Uzi wa nailoni, mpya, unang'aa. Na mishono imelala kushoto, imebanana, kama ile iliyopindia sare zake zote za shule. Dada alikuwa anashonea mkono wa kushoto.

Akafumua. Ndani mlikuwa na kipande cha gauni lake la maua ya bluu alilolisahau kwa Dada, kimezungushiwa nywele zake mwenyewe.

Mganga aliyemwita alikuwa mama wa makamo asiye na mbwembwe. Alilinusa koti mara moja, akakaa chini.

"Huyu jini alimpanda mwenye koti. Mwenye koti akafa, yeye akabaki na nguo. Hakukufuata wewe, binti yangu. Umekabidhiwa."

"Mtoe."

"Namtoa hata sasa. Ila akitoka kwako anarudi alikotoka."

"Kwa nani?"

"Kuna mtoto," mganga akasema polepole.

Fundi akafumba macho. "Na nikimwacha?"

"Atakaa kotini maadamu koti ni zima. Likiungua, likiliwa na wadudu, atatafuta mwili. Na wa karibu ni wewe."

Dada alikuja jioni ile, mganga akiwa bado ndani, akasimama uani, mkoba ameukumbatia kifuani.

"Ulikata gauni langu," Fundi akasema.

"Nilimwona mwanangu anakauka tangu alipolivaa. Nikaambiwa lazima koti lipokelewe na mtu wa damu yetu."

"Ungeniambia."

"Ungekataa."

"Ningekubali!" Sauti ilimpasuka. "Ningelipokea kwa mikono miwili, Dada. Kwa ajili yake ningelipokea! Wewe ukaniletea kama zawadi. Nikakushukuru."

Dada akatazama chini. "Wewe huna mtoto," akasema taratibu. "Nilifikiria nani ataumia kidogo."

Fundi akaingia ndani, akamwambia mganga aende zake.

Tangu hapo koti likawa kazi yake ya kila juma. Alilipiga brashi, akalijaza karatasi nyeupe mikononi lisikunjike, akakagua kila pindo kama kuna nondo, akalifungia kabatini. Dada hakukanyaga tena pale, na binti akakatazwa.

Lakini alasiri moja mlango ukafunguka bila hodi. Binti alikuwa na sare ya shule, amenenepa, macho yanacheka.

"Shikamoo mama mdogo!"

"Marahaba. Nani kakuleta?"

"Nimekuja mwenyewe. Mama hajui. Nilikukumbuka."

Fundi akamkumbatia, akalia ndani ya nywele zake, na kwa kitambo kidogo moyo wake ukawa mwepesi. Kisha akahisi mwili wa mtoto umekakamaa. Binti akajitoa taratibu, akageukia kabati, akabananisha visigino na kunyoosha mabega.

"Shikamoo, afande."

Fundi akamziba mdomo kwa kiganja. Alikuwa amechelewa. Ndani ya kabati vifungo vya shaba viligongana kidogo, kama vya mtu anayejiweka sawa, na sauti ikajibu kwa upole:

"Marahaba, mwanangu. Umekua."