Samli kwenye Mkanda

Kila alasiri mbuzi wa Ayeeyo Fatumo, mama yake baba, hunywa maji kando ya shamba letu la nyasi, nje kidogo ya mji wa Garissa. Siku hiyo walisimama mbali, masikio juu. Hakuna aliyekunywa.

Mashine ya kukatia nyasi ilikuwa inalia. Ni ile ya kuendeshwa mtu akiwa ameikalia, yenye usukani. Aabo, baba yangu, aliposhusha visu, ilipiga yowe refu, kama mtu aliye ndani ya kisima. Nyasi ziliinama. Mashine ikapita. Kisha nyasi zikainuka tena, polepole, zote pamoja.

"Sahro!" Aabo aliniita. "Umeficha tena simu yenye sauti ya fisi?"

"Wallahi, Aabo, hiyo ilikuwa likizo iliyopita."

Mto Tana ulikuwa unapanda. Kesho kutwa maji yangefunika shamba. Bila nyasi zile, mbuzi wangekula nini kiangazi?

"Ni jini," Ayeeyo alinong'ona. "Jana nimempa haki yake, na leo analia zaidi."

Hatukumwuliza haki gani. Hilo lilikuwa kosa letu.

Tulimwita Ramlo, fundi wa pampu wa shamba jirani. Alisikiliza yowe moja tu.

"Zima. Toa ufunguo. Chomoa waya wa plagi ya injini. Kisu hakijui mwenye shamba."

Injini ilipopoa, alifungua kifuniko. Ilitoka harufu ya mpira ulioungua, na nyingine tamu, ya jikoni.

"Injini huvuta mkanda huu, na mkanda huzungusha visu," alisema. "Ukiteleza, injini hunguruma lakini visu hulala. Yowe ni la mkanda." Alipitisha kidole juu ya mkanda, akakinusa. "Nani ameukaanga?"

Ayeeyo alitazama mbuzi.

"Kamba ya ngozi ya kisimani ikilia, tunaipaka samli," alisema hatimaye. "Na hii ililia."

"Ayeeyo, ngozi hutaka mafuta. Mkanda wa mpira hutaka kuwa mkavu, ushike."

"Basi mwanzoni ulilia kwa nini?" niliuliza.

Ramlo alichokora nyasi zilizoshindiliwa chini ya mkanda. Springi ya kukaza mkanda ilikuwa imechomoka. "Ulilegea. Samli ikaumaliza."

Aabo alibeba mkanda wa zamani hadi mjini, asije akauziwa wa kipimo kingine. Ramlo aliosha puli, magurudumu yanayozungusha mkanda, kwa maji ya sabuni, akazikausha, akarudisha springi. Mkanda mpya ulipofika, aliuingiza katika mfereji wa kila puli.

Aabo akawasha, akashusha visu. Mbuzi walirudi nyuma. Nami nilirudi nyuma, kwa sababu za kielimu tu.

Hakuna yowe. Nyasi zililala, na mara hii hazikuinuka.

Maji yalipofika, yalikuta mabua matupu. Nyasi zilikuwa juu ya paa la zizi, na samli ya Ayeeyo ilikuwa juu ya mkate wa anjera wa Ramlo, mahali pake.