Sauti ya Mama Mdogo

Kila jioni Kidoti alifanya kazi za shule huku ukuta ukitetemeka. Katika chumba cha pili, mama yake mdogo alikuwa akipiga panki, muziki wa gitaa kali na maneno ya hasira. Siku hizo alikuwa akitunga wimbo kuhusu mtaro ulioziba mbele ya shule. Sauti yake ilikwaruza. Alikuwa amepasuliwa koo hospitalini, akakaa miezi bila kutamka neno, na Kidoti ndiye aliyemnywesha uji kwa kijiko.

Siku moja wakati wa mapumziko, Kidoti alipanda juu ya benchi darasani, akazivuruga nywele zake, akaiga sauti ya mama yake mdogo inavyokwaruza: "Zi-bu-e-ni mta-ro!"

Wenzake walicheka mpaka wakashikilia mbavu. Ghafla kicheko kikakatika. Kidoti akageuka.

Mama mdogo alikuwa mlangoni, nywele zake za kijani zimesimama wima, mkononi ana matangazo ya onyesho la Jumamosi. Aliyaweka juu ya dawati, akaondoka.

Jioni ile gitaa halikulia. Kidoti aliacha chakula mezani. Hatimaye akabisha hodi chumbani kwa mama yake mdogo.

"Mama mdogo, nisamehe."

"Kuchekwa nimezoea. Walianza siku niliyonunua gitaa," alijibu bila kuinua macho. "Lakini wewe unajua koo hili lilivyonitesa."

Kidoti alitamani ardhi ipasuke immeze. "Sasa nifanye nini?"

"Hao uliowachekesha, waambie unachokijua."

Kesho yake alisimama mbele ya darasa, uso ukimwaka moto, akaeleza yote. Hakuna aliyecheka.

"Na bado anaimba?" mmoja akauliza.

"Bado."

Jumamosi mama mdogo aliimba kando ya mtaro. Sauti ilikatika, akameza mate, akaendelea. Wimbo ulipokwisha alishika koleo. Wazazi wakamfuata, wanafunzi nao wakaingia, na kabla ya jua kuzama maji yakaanza kupita. Kidoti alizoa tope kwa bidii, ila kumtazama mama yake mdogo usoni hakuweza.

Mama mdogo akamsogelea.

"Aibu hiyo usiifukuze upesi, mwanangu. Itakuziba mdomo siku nyingine. Kuchekesha watu si kosa. Kosa ni kuchukua maumivu ya mtu aliyekuamini, ukayafanya mchezo. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Haya, shika koleo. Kipande kile bado."