Boliti Zote Zililia Safi

Kilichomkosesha raha Sikio, mgonga boliti wa karakana ya reli, siku ile hakikuwa ubovu. Ni kwamba ubovu haukuwepo kabisa.

Tangu asubuhi alikuwa amejikunja ndani ya chumba cha moto cha injini ya mvuke, taa kichwani, kinyundo mkononi, akigonga boliti moja baada ya nyingine. Ti! Nzima. Ti! Nzima. Boliti nzima hulia kama glasi, na iliyokatika hutoa "du", kama umegonga gunia la unga. Boila lile lilikuwa kuukuu, limekula moto miaka na miaka. Boila la umri huo halikosi boliti mbovu kumi, kumi na tano. Sasa ilikuwa karibu saa sita mchana, amekwisha kugonga mia nane na ushee, na zote zililia safi.

"Kaka! Umelala au umekufa humo?" Mama Kofia alipiga kelele kutoka nje huku akiligonga boila kwa spana.

Mama Kofia hakupewa jina hilo kwa sababu ya kuvaa kofia. Boila la injini lina mabamba mawili ya chuma, la ndani linaloukabili moto na la nje, na kati yake maji, nafasi ya upana wa kiganja tu. Boliti ndizo zinazoyashika mabamba hayo yasiachane mvuke ukianza kusukuma. Pale ambapo bamba la ndani hutanuka kuliko la nje, huwekwa boliti za kunesa. Kichwa chake ni cha mviringo kama gololi na kimekaa kwenye kikombe, ili boliti iyumbe kidogo isikatike, na juu ya kikombe hufungwa kofia ya chuma. Kazi ya kufunga na kufungua kofia hizo ilikuwa ya mama huyu, mwenye mabega mapana na mdomo mpana zaidi.

Sikio alitoka kwa kutambaa kupitia mlango wa moto, masizi hadi kwenye kope.

"Zote safi," alisema.

"Zote? Acha utani wako."

"Zote."

Mama Kofia alimtazama kidogo, kisha akainua mabega. "Basi chuma siku hizi kinazaliwa upya."

Msimamizi wa karakana alikuwa tayari amesimama pale na karatasi. Walimwita Leo-Leo, kwa maana kinywani mwake neno kesho lilikuwa halijawahi kulala. "Mzee, sikio lako hilo ni la dhahabu! Tia sahihi hapa. Alfajiri tunawasha moto, saa nne injini inaondoka na mabehewa sita ya abiria. Na dereva ni nani? Si shemeji yako mwenyewe!"

Sikio alitia sahihi. Aliirudisha karatasi bila kuinua macho, akasingizia uchovu. Mwenzangu, hakuwa amechoka. Yule mtu aliyesifiwa kwa sikio la dhahabu alikuwa kiziwi.

Hakuzaliwa hivyo. Nyundo na chuma vilimla masikio polepole, miaka thelathini, mpaka akawa anaisikia dunia kama mtu aliyejifunika blanketi. Watu wakicheka, naye anacheka. Wakimuuliza jambo, anatazama midomo. Hakumwambia mtu, kwa sababu mgonga boliti asiyesikia ni nani? Ni mzee wa kurudishwa nyumbani akapalilie maua. Basi miezi sita nyuma, peke yake ndani ya chumba cha moto, baada ya kuigonga boliti moja mara nne bila kusikia kitu, aliegemeza paji la uso kwenye bamba akanong'ona, "Laiti ningepata wa kunisaidia."

Akagonga tena. Ti! Kama alivyosikia siku ya kwanza ya ujana wake.

Alilia kwa furaha, hakuuliza. Tangu siku ile alisikia vizuri ndani ya boila tu, na nje blanketi lilizidi kuwa zito. Kwanza boliti mbovu bado zilisema "du" mara moja moja. Kisha mbili tu. Kisha moja. Na leo hakuna.

Saa saba wenzake walikwenda kula. Karakana ilitulia, jua likamwagika sakafuni kupitia mapengo ya bati. Sikio alirudi ndani ya chumba cha moto, akijiambia amesahau kitambaa. Hakikuwepo kitambaa. Humo ndani palikuwa na harufu ambayo asubuhi hakuijali, harufu ya majivu mabichi na maji yaliyolala chumani siku nyingi. Akachagua boliti ya pembeni na kuinua kinyundo. Kabla hajakishusha, mkono ungali hewani, akasikia.

Ti!

Akashusha mkono taratibu, akakiweka kinyundo chini, akakaa nacho mbali, na ile sauti ikaanza upande wa kushoto, ti, ikapanda safu ya juu, ti, ti, ikamzunguka mgongoni, boliti moja baada ya nyingine kwa mpangilio uleule anaoufuata yeye kila siku, bila kuruka hata moja, ikitoka kati ya mabamba mawili ambamo hata paka hapiti, ikamfikia mbele ya uso wake na kusimama, kisha kutoka kwenye upana ule wa kiganja kikamjia kisauti chembamba, chepesi, chenye adabu ya mtumishi anayemtaka radhi bwana wake: "Safi, bwana. Zote safi."

Alitoka kwa magoti na viwiko, mwendo wa kuchubuka.

Je, alisema? Hakusema. Mara tatu alimwendea Leo-Leo, na mara tatu akauliza jambo jingine. Maana angeanzia wapi? Aibu ni mzigo, na huo alikuwa ameubeba muda mrefu mpaka bega limeuzoea.

Jioni shemeji yake, kaka wa mkewe, alipita nyumbani, sare imepigwa pasi na viatu vinang'aa. Ndiye aliyemlea mkewe tangu wazazi wao wafe. Sikio aliisoma midomo yake akiwa na kikombe cha chai mkononi.

"Shemeji, madereva wengine wanaliogopa boila lile. Mimi nawaambia, akishagonga shemeji yangu, naendesha huku napiga mluzi."

Akacheka, akampiga begani, akaaga. Sikio alijaribu kunywa chai. Ilinuka majivu mabichi. Kijiko kilikuwa kimelala mezani, hakuna aliyekigusa, na kikombe kililia: ti.

Mkewe alimgeuza uso kwa mikono miwili. "Mume wangu, nitazame mdomo. Miezi sita nakuita jina hugeuki. Ulidhani sijui?"

"Unajua?"

"Ni nani aliyelala na wewe miaka yote hii, jirani? Nilingoja uniambie mwenyewe. Mficha maradhi kifo humuumbua."

"Kifo si changu, mke wangu," Sikio alisema, na hapo machozi yakamtoka kama mtoto. "Ni cha kaka yako."

Akamweleza yote. Mkewe hakupiga kelele. Alivaa kandambili, akamshika mkono, wakaenda mtaa wa tatu kwa mganga mmoja, mama mnene aliyewapokea akiwa anaanua nguo kambani. Aliwasikiliza hadi mwisho, vibanio vya nguo mdomoni. Kisha akavitoa na kumtazama Sikio usoni ili aisome midomo yake vizuri.

"Wewe hujavamiwa. Wewe umeajiri."

"Sikuajiri mtu! Nilinong'ona tu."

"Jini hahitaji karatasi. Ulitaka kusikia uzima, akakupa uzima usikie. Kazi yake anaifanya vizuri sana. Mimi siwezi kumfukuza mfanyakazi wa mtu mwingine. Nenda hapohapo ulipomwajiri, mbele ya wenzako, utaje kwa kinywa chako alikuwa anakufanyia kazi gani na kwa nini. Halafu umwambie basi."

"Ataondoka?"

"Na mshahara wake. Hicho kidogo kilichobaki masikioni mwako atakibeba. Na usidhani atakufa. Asiye na mwajiri hutafuta mwajiri."

Usiku huo Sikio hakufumba jicho, wala hatutausimulia. Kulipopambazuka alikuwa anakimbia, mkewe nyuma yake. Karakana milango ilikuwa wazi. Kuni zilikwisha kupangwa ndani ya chumba cha moto, mpiga moto anatafuta kiberiti mfukoni, shemeji mtu anafuta vioo huku akipiga mluzi, na Leo-Leo anatazama saa.

"Usiwashe!"

"Mzee, una nini?" Leo-Leo aling'aka. "Jana umetia sahihi!"

"Jana nilikuwa kiziwi," Sikio alisema. "Na juzi. Na mwezi uliopita."

Mluzi ulikatika. Mama Kofia aliachia spana ikaanguka.

Sikio alishika ukingo wa mlango wa moto, akaingiza kichwa, akaanza kusema kwa sauti kubwa ya mtu asiyejisikia, kwamba yeye hasikii, kwamba aliona aibu, kwamba aliomba msaada humu ndani naye akasaidiwa, kwamba boliti zote alizosema ni nzima hakuzijua yeye bali alijibiwa, na kadiri alivyosema ndivyo zilivyoanza kulia, ti, ti, ti, bila nyundo, bila mkono, kwanza chache kisha zote mia nane na ushee kwa pamoja, mpaka mpiga moto akatupa kiberiti na kukimbia, mpaka Leo-Leo akajikuta ameshika mkono wa Mama Kofia, mpaka vumbi likadondoka kutoka kwenye bati la paa, na katikati ya kelele hiyo kisauti chembamba kikawa kinasihi, safi bwana, zote safi bwana, nimekosa nini bwana.

"Basi!" Sikio alipiga ukelele. "Kazi imekwisha. Nenda!"

Kimya. Wenzake walisikia kimya cha karakana, chenye ndege na upepo. Sikio alisikia kimya kingine, ambacho hakikuwa na kitu ndani yake. Akageuka akaona midomo ya mkewe inamwita, na hata ile sauti ya blanketini haikuwepo tena.

Mama Kofia ndiye aliyeokota spana. Alipanda, akafungua kofia ya kwanza. Alipokigusa kichwa cha boliti kwa vidole viwili, kilitoka chenyewe pamoja na kipande cha shina, kama jino bovu. Akafungua ya pili. Mpaka alasiri vilikuwa vimepangwa sakafuni vichwa arobaini na tatu, safu nzima ya pembe ya kushoto, palepale anaposimama dereva. Shemeji alivihesabu, akaketi juu ya reli na sare yake ya pasi, akamkumbatia Sikio miguu. Sikio hakusikia alichosema. Alihisi tu magoti yake yanalowa.

Hawakumfukuza. Leo-Leo aliona haya, maana naye alipenda mno kusikia neno safi. Wakabadilishana kazi: Mama Kofia akachukua kinyundo, Sikio akachukua spana na kofia. Na wakaweka utaratibu mpya. Kila boliti ya kunesa itafunguliwa kofia, anayegonga atasikiliza ndani kwa sikio, na Sikio nje ataweka kidole juu ya kichwa cha boliti. Nzima, pigo litamfikia kidoleni. Iliyokatika, hakuna kitu, naye ataitia msalaba wa chaki. Sikio la anayegonga na kidole cha aliye nje vikikubaliana, ndipo sahihi itiwe.

Siku ya kwanza Mama Kofia aliingia kwenye boila la injini nyingine, mdomo wake wote umekwisha. "Kaka, nikikosea je?" aliuliza. Sikio akamcheka, akamsukuma ndani. Akakaa nje na kidole chake. Pigo. Pigo. Pigo. Hakuna. Chaki. Kufikia saa sita misalaba ilikuwa tisa, na moyo wake ulitulia kuliko ulivyotulia mwaka mzima, kwani boila lenye boliti mbovu tisa ni boila la kweli.

Mama Kofia alitoka, masizi hadi kwenye kope, anatabasamu.

"Zote safi," midomo yake ilisema.

Sikio alimwonyesha misalaba. Tabasamu lilimtoka mama wa watu polepole.

"Ulisema nini humo ndani?"

"Sikusema na mtu, kaka. Nilijisemea tu." Aliitazama misalaba. "Niliogopa kukuaibisha. Nikasema, laiti ningepata wa kunisaidia."

Harufu ya majivu mabichi ilikuwa imefika mpaka nje. Sikio alitaka kumjibu, lakini kidole chake kilikuwa bado kimekaa juu ya boliti yenye msalaba wa tisa, na chini ya kidole hicho pigo dogo lilikuja, jepesi, lenye adabu. Mama Kofia alikuwa amesimama mbele yake, na kinyundo kilikuwa mkononi mwake.