Mluzi wa Kunyweshea

Rafiki yangu Bishar, fundi wa kompyuta hapa Garissa, hapigi mluzi tena. Jioni moja, akiwa hoi kwa uchovu, alikuwa akijaza maji kwenye mirija ya kupozea kompyuta aliyoiundia kasha lenye dirisha la kioo ubavuni. Akapiga mluzi wa kunyweshea ngamia, mazoea tu ya visimani kwao Wajir.

"Wallahi, Bishar, wacha!" mkewe Yurub akasema. "Hapa hakuna ngamia. Unamwita nani?"

Stima ikapotea. Gizani wakasikia kitu kikinywa, polepole, kama kilichotoka safari ndefu.

Stima iliporudi, mirija ilikuwa mikavu, na sakafu pia. Kwenye kioo cha kasha palikuwa na alama pana ya ulimi, bado imelowa. Bishar akaipangusa kwa kikoi. Haikufutika. Ilikuwa kwa ndani.