Kamera ya Mabomba Matatu

Kila alfajiri, kabla ya kwenda shule, Nusaiba alipitia stendi ya mabasi ya Lindi kufungua choo cha abiria na kufagia. Mama yake, Bi Mwahija, ndiye aliyekitunza choo hicho, lakini yeye alifika saa tatu, akishamaliza kuuza vitumbua. Nusaiba aliipenda kazi hiyo mno. Alifagia huku akiimba na kuyumba, mpaka Bi Rosalia, muuza machungwa, akamtania, "We mtoto, unafagia au unacheza ngoma?"

Shida ilikuwa maji. Yalitoka saa moja asubuhi, yakakatika saa tatu, na muda huo ulitosha kulijaza tangi la choo. Lakini wiki ya pili sasa, Bi Mwahija alikuta mabomba ya nyuma wazi, sakafu imelowa, na tangini mna maji ya kunawia paka.

"Abiria hao!" Nusaiba alisema kwa hasira. Akachukua kipande cha mkaa, akaandika ukutani: FUNGA BOMBA WEWE!

Mzee Eusebio, aliyekikodi choo kile kutoka halmashauri, hakucheka. "Bi Mwahija, maji yakiendelea kupotea mwezi huu, nitatafuta mtunzaji mwingine."

Wiki hiyohiyo akaleta kamera kutoka Dar es Salaam, akaifunga nyuma ya choo, ikiyaelekea mabomba matatu ya kunawia mikono.

"Isije ikatuchungulia huko ndani!" Bi Rosalia akapiga kelele.

"Inatazama mabomba tu, mama. Ya ndani ni yenu."

Jumamosi watu walijazana kibandani kwa Mzee Eusebio kutazama televisheni. Nusaiba alikaa mbele kabisa, amwone huyo mharibifu. Picha ilikuwa hafifu. Alfajiri ya Alhamisi akatokea msichana, mgongo tu na ushungi mweupe. Akafungulia bomba la kwanza, kavu. La pili, kavu. La tatu, kavu. Akaenda zake. Saa moja maji yakaja, yakamwagika ovyo mpaka saa tatu.

"Kumbe ni mwanafunzi!" Mzee Eusebio akasema. "Lakini ushungi kama huo wanavaa shule nzima, na watoto wa shule ya Mitwero hupita hapa kila siku. Tutamjuaje?"

Nusaiba akautambua ushungi wake. Tangu maji yaanze kutoka kwa mgawo, kila alfajiri alifungulia mabomba kujaribu kama yametoka, kama walivyofanya nyumbani. Yakiwa makavu aliyaacha vilevile. Nani afunge bomba lisilo na maji? Akinyamaza, hakuna atakayejua. Akisema, mama atafukuzwa. Akamtazama mama yake, aliyekuwa ameinamisha kichwa tangu tangi lianze kukauka, akamwonea huruma kweli.

Akasimama. "Ni mimi, Mzee Eusebio. Mama hakujua. Naomba usimfukuze."

Mara Mzee Eusebio akaangua kicheko mpaka akafuta machozi. "Na tangazo lile ulikuwa unamwandikia nani?"

Watu wote wakacheka, na Nusaiba naye akacheka huku analia.

"Kosa ni langu pia," Bi Mwahija akasema. "Nyumbani tunafanya hivyohivyo, wala sijawahi kumkanya."

Jumatatu saa tatu, Bi Mwahija aligonga tangi, likaitika kwa sauti nzito. Limejaa! Akapiga vigelegele, Bi Rosalia akampokea, na abiria wakageuka kuuliza kuna harusi ya nani.

Jioni Nusaiba alipotoka shule, Mzee Eusebio alimwita. "Mama yako anabaki na kazi yake," akasema. "Nawe sikiliza, mjukuu wangu. Bomba kavu hufungwa sawasawa na lenye maji. Na kosa husemwa hata pale lisipoonekana. Kamera yangu iliona mgongo tu, uso umeuonyesha mwenyewe."

"Ahsante, babu," Nusaiba akajibu. Kisha akachukua mkaa, akaenda ukutani, na chini ya tangazo lake akaongeza: HATA LIKIWA KAVU. NAJUA MIMI.